Kivutio Hakitoki

Kabla hakujapambazuka nilisikia kijiko kikigonga kikombe cha bati, ti, ti, ti. Hivyo ndivyo mume wangu Mihambo alivyonijulisha kwamba ameamka na kwamba kifua kimempa nafasi ya kunywa kitu cha moto. Nikanyanyuka polepole, nikapapasa kiberiti, nikawasha kibatari, na wageni wote waliokuwa wamesimama miguuni pa kitanda chetu wakasema "Aaa!" kwa furaha, wakapiga picha.

"Usiwatazame, bibi," mwongozaji wao akaninong'oneza. "Wewe endelea kuishi."

Nikaendelea kuishi. Nilichochea moto, nikainjika sufuria, nikamfuta Mihambo jasho la usiku. Alikohoa. Mwongozaji akawaeleza wageni kwamba kikohozi kile ni cha asili, hakijatiwa kitu chochote.

Sisemi haya kwa kulalamika. Mimi ni bibi tu, Nyamizi jina langu, nilisoma mpaka pale ambapo madaftari ya nyumbani yalikwisha, na huandika kama ninavyoongea. Nataka tu kueleza jinsi Mheshimiwa Waziri alivyokuja kukaa kwenye ukuta wa korongo letu, kwa maana wapo wanaosema nilimfanyia ubaya. Sikumfanyia ubaya. Nilimfuatia taratibu.

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kulitaja hadharani kuna ada, kwa hiyo nitaiita nchi yetu. Mji wetu unaitwa Mporomoko. Uko ukingoni mwa korongo refu, na chini kabisa kuna mto unaokimbia kama uliotukanwa. Zamani korongo lilikuwa la nyuki na la warina asali. Kisha akaja mgeni mmoja, akajifunga mpira miguuni, akajirusha, akarudi juu akicheka, na serikali ikagundua kwamba kumbe tumekalia mali. Watu wakaanza kuja kutoka mbali ili wajirushe, wateleze kwenye waya, wapinduliwe na mto ndani ya mitumbwi ya mpira. Walilipa ili waogope. Sisi tuliozaliwa hapa tulikuwa tukiogopa bure miaka yote.

Mambo yakaenda vizuri mpaka ilipokuja ripoti.

Ripoti ilisomwa uwanjani na Mheshimiwa Dakta Makeke, Waziri wa Utalii, Msisimko na Mapato. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mwembamba wa subira. Nyuma yake alisimama naibu wake, Bi Tumsifu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makofi kabla sentensi haijafika mwisho.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Idadi ya wageni inapanda, lakini matumizi ya mgeni yanateremka! Mgeni wa zamani alikuja na sanduku. Mgeni wa leo anakuja na begi mgongoni, na ndani ya begi mna mkate! Anaruka mara moja, anakula mkate wake, anakwenda zake! Nauliza, tutakubali taifa lirukwe hivi hivi?"

"Hatukubali!" tulijibu, kwa sababu waliojibu waligawiwa soda.

Ndipo zikaja ada. Ilikuwapo ada ya kutazama. Ilikuwapo ada ya mwangwi: mgeni akipiga ukelele korongoni alilipia sauti yake, na korongo likimjibu alilipia tena, kwa sababu aliyejibu alikuwa mtumishi wa umma. Ilikuwapo pia ada ya hofu. Askari alichuchumaa kwenye jukwaa la kurukia akiwatazama watu magoti. Magoti yaliyotetemeka yalilipiwa kwa kuwa msisimko ulikwisha pokelewa. Yasiyotetemeka yalipigwa faini kwa kudharau juhudi za Wizara.

Wageni wakaanza kuvuka mto kwenda nchi ya jirani. Kule korongo ni fupi, lakini mtu hupiga ukelele mpaka akachoka.

Mheshimiwa Makeke hakuvunjika moyo. Alirudi uwanjani akasema ada si tatizo, tatizo ni kwamba vivutio ni vichache. Mawe yapo, maji yapo, ila mgeni wa kisasa anataka kuona watu. "Tunao watu!" alisema, akatunyooshea kidole. "Tumewaacha wakae bure!"

Bi Tumsifu akapiga makofi.

*

Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kutangazwa, kwa kuwa iko ukingoni kabisa na Mihambo alikuwa mrina asali wa mwisho wa zile siku za kamba. Maofisa walikuja na rangi na misumari. Walikuwa na adabu. Mmoja aliniomba nyundo, akairudisha. Wakapigilia kibao mlangoni: NYUMBA YA MRINA ASALI. WAKAZI WA ASILI. USIWALISHE.

Wakatusomea sheria. Kivutio kikishatangazwa hakihamishwi, hakikarabatiwi, wala hakitolewi mahali pake, ila kwa kibali chenye saini ya Waziri mwenyewe.

"Na paa linalovuja?" nikauliza.

Wakalitazama kwa heshima. Wiki iliyofuata kibao cha pili kilitundikwa juu ya kitanda: MAPOROMOKO MADOGO. Kilikuwa na tiketi yake peke yake.

Basi masika yakaingia, na Maporomoko Madogo yakamwagikia kifua cha Mihambo. Tulikisogeza kitanda, mkaguzi akakirudisha. Kifua kikashika. Kwanza kikohozi, kisha homa, kisha ile pumzi ya kuvuta kwa mabega. Wema haukukosekana. Mama mmoja mgeni, usoni ana madoa kama yai la kanga, alivua koti lake la mvua, akalishika juu ya Mihambo kwa mikono miwili mpaka zamu yake ya kutazama ikaisha. Alitozwa faini ya kukarabati kivutio bila kibali. Alilipa, kisha akarudi kwenye foleni, akakata tiketi nyingine, akaja kulishika tena. Sijui aliitwa nani. Popote alipo, Mungu amlaze pakavu.

Hospitali iko mji wa pili, si mbali. Nikaenda kwenye Ofisi ya Vivutio kuomba Mihambo atolewe nyumbani apelekwe huko. Dirishani alikaa Kalunde, binti wa jirani yangu, ambaye nilikuwa nikimsuka nywele alipokuwa mdogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Babu yako anaungua kwa homa."

Akaandika. Akagonga mhuri. Akanitazama kwa macho ya aibu. "Nimelipokea, bibi. Linasubiri saini ya Mheshimiwa."

"Itakuja lini?"

"Hapo ndipo sijui."

Nilirudi kesho yake. Nilirudi tena na tena, mpaka mbwa wa ofisi akaacha kunibwekea. Siku zote Kalunde alisema, "Bado, bibi," na siku zote alitoka nje kunisindikiza mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo hakuamriwa kulifanya.

Ndipo Mheshimiwa Makeke akaja mwenyewe kukata utepe wa ngazi mpya za kushukia korongoni, ambazo zilikuwa zile zile za zamani zilizotozwa ada mpya. Nikapenya kwenye umati, nikapiga magoti mbele yake.

"Mheshimiwa, mume wangu ni mgonjwa. Naomba saini yako tu."

Aliniinua kwa mikono yake. Kwa kweli aliniinua, siwezi kumnyima hilo. "Bibi yangu mpendwa," alisema, na kamera zikasogea, "unajua Nyumba ya Mrina Asali inaongoza mkoa mzima kwa matumizi ya mgeni mmoja mmoja? Watu wanalia mle ndani! Machozi, bibi! Mgeni aliyelia ananunua picha mbili!"

"Anakufa, baba."

"Na ndiyo maana hawezi kuondoka." Akanipigapiga begani. "Kivutio hakitoki, bibi. Kivutio hutembelewa. Nitaamuru aongezewe wageni."

Akaongezewa wageni. Akafa mchana, kati ya kundi moja na jingine, kichwa chake kwenye paja langu. Mwongozaji aliwazuia wale wa kundi lililofuata mlangoni, akavua kofia, akawadanganya kwamba tunasafisha. Huo pia ulikuwa wema.

Sikulia wakati wageni wapo. Kulia kulikuwa na tiketi yake, na sikutaka Wizara ifaidike zaidi.

Tulipotoka kuzika, kwa kuwa marehemu hahesabiwi kivutio, nilikuta kitandani kwangu amelala mtu wa makamo, mzima wa afya, amejifunika blanketi la Mihambo.

"Hodi, samahani, bibi," alisema akiketi. "Nimeajiriwa. Mimi ni Mgonjwa Daraja la Pili. Chumba hakitakiwi kuwa na upungufu." Akakohoa kidogo kunionyesha. Hakukohoa vizuri.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Bado."

Nikampa uji. Kosa halikuwa lake. Alikuwa na watoto. Jioni saa za kazi zilipokwisha alikunja blanketi vizuri, akaniaga, akaenda kwake. Nikaitoa kamba ya Mihambo uvunguni, nikakaa nayo mlangoni, nikaanza kuipaka nta taratibu, pingili kwa pingili, kama alivyokuwa akifanya kila mwaka kabla ya msimu. Hakuna aliyeniuliza naipakia nini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui bado. Nilijua tu kwamba kamba ikiachwa hukauka, na kwamba nilikuwa na muda.

*

Hapa inanipasa kuwaeleza desturi ya kamba, maana nyie wa mjini hamkuishuhudia.

Mrina asali wa korongo letu hushuka kwa kamba ya magome mpaka kwenye kibaraza cha mwamba katikati ya ukuta, pale nyuki wanapojenga. Juu, kamba hushikwa na mkewe. Si nduguye, si rafikiye. Ndugu anaweza kuwa na hesabu zake za urithi, rafiki anaweza kuwa na jicho kwenye mzinga. Mke ndiye atakayebaki na chungu kisicho na wa kupikiwa, kwa hiyo yeye ndiye atakayekuwa mwangalifu. Mume akishuka, kamba ni ya mke. Mkono mwingine hauigusi, hata wa mwanawe. Ikiguswa, wazee walisema, nyuki huhama na mji haulambi asali.

Mheshimiwa Makeke aliposikia habari hii aliipenda sana. Wageni wanapenda desturi. Akaifanya kanuni ya Wizara: mtu asiye mke wa aliyeshuka akigusa kamba ya mrina, kifungo, bila faini. Sasa nchi ya jirani ikajenga jukwaa refu kuliko letu, na wageni wakazidi kupungua, na Sikukuu ya Taifa ikakaribia, na Rais akauliza swali kwenye kikao. Sijui aliuliza nini, ila Mheshimiwa Makeke alitoka kikaoni ametangaza kwamba atashuka korongoni yeye mwenyewe, kwa kamba ya asili, mbele ya televisheni za mataifa.

Walinijia nyumbani, yeye, Bi Tumsifu, na mtu wa itifaki.

"Bibi Nyamizi," alisema Waziri, "taifa linakuhitaji. Wewe ndiye mshika kamba wa mwisho."

"Lakini mimi si mke wako, baba."

Mtu wa itifaki alikwisha lifikiria hilo. Alifungua mkoba, akanisomea: kwa asubuhi ile, kuanzia wimbo wa taifa mpaka vinywaji, ningekuwa Mke wa Kiitifaki wa Mheshimiwa, nikiwa na haki na wajibu wote wa kamba. Mke wake halisi, mama mpole mwenye kofia pana, alinishika mkono siku ya sherehe akasema, "Ahsante kwa kunipokea mzigo, mwenzangu." Sijausahau wema ule.

"Utaweza?" Waziri aliniuliza. "Mikono bado ina nguvu?"

"Ina nguvu, baba."

"Na hutaniangusha?"

"Siwezi kukuangusha," nikasema, na nilisema kweli.

*

Siku ilikuwa na jua zuri. Bendi ilipiga. Mheshimiwa alivaa suti, na juu ya suti akavaa ngozi ya mrina. Nilimfunga mwenyewe: kiunoni, mapajani, kifuani, fundo lile la Mihambo ambalo kadiri mtu anavyohangaika ndivyo linavyotulia. Kabla ya kushuka alishika kipaza sauti.

"Natangaza," alisema, "kwamba tendo hili, pamoja na kamba hii na mtu aliye kwenye kamba hii, ni kivutio cha taifa kuanzia dakika hii!"

Bi Tumsifu alipiga makofi kwenye neno "tendo."

Masikio yangu bado ni mazima. Nililisikia lote.

Nikamshusha taratibu kama yai. Akafika kwenye kibaraza, akasimama, akapunga mkono kwa televisheni, akavunja kisega kidogo cha asali akakilamba. Nyuki mmoja wawili walikuja kumjua. Kisha akavuta kamba mara mbili, akapaza sauti:

"Haya, bibi, vuta!"

"Kibali kiko wapi, Mheshimiwa?"

Watu wakacheka. Naye akacheka; korongo nalo likacheka baada yake, na karani wa mwangwi akaandika.

"Vuta, bibi, jua kali!"

"Nauliza kibali, baba. Cha kukitoa kivutio mahali pake."

Vicheko vikakatika, kama darasani mtu anapoulizwa swali ambalo alilisoma.

"Nyamizi," alisema sasa, bila bibi, "mimi ndiye Waziri!"

"Najua. Ndiyo maana siwezi kuvunja sheria mbele yako."

Nikaizungusha kamba kwenye kisiki cha mninga, nikaikaza, nikajifuta mikono. Nikawaambia watu wa televisheni kwamba naenda ofisini mara moja. Mlinzi mmoja wa Waziri alipiga hatua kuelekea kwenye kamba, na askari wa Wizara wakamzunguka. Kanuni ni kanuni. Kifungo, bila faini. Mke halisi alikaa kwenye kiti cha wageni wa heshima, akavua kofia, akaanza kujipepea.

Kalunde alikuwa dirishani.

"Ombi la nani, bibi?"

"La mume wangu wa kiitifaki. Yuko kwenye kibaraza, anataka kupanda."

Aliandika kwa mwandiko mzuri. Akagonga mhuri. Safari hii akatoka na kiti, akakiweka kivulini, akanikalisha. Alisema saini inayohitajika ni ya Waziri, ila Waziri asipokuwapo naibu anaweza kukaimu. Tukaenda kwa Bi Tumsifu. Bi Tumsifu akatembea mpaka ukingoni, akainama, akatazama chini kwa muda mrefu. Mheshimiwa akampungia mikono yote miwili.

"Waziri yupo," alisema Bi Tumsifu. "Namwona. Siwezi kukaimu nafasi ya mtu ninayemwona." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimaliza sentensi.

"Tumsifu!" sauti ikapanda kutoka chini. "Tumsifu, mwanaharamu wee!"

"Na ana afya," akaongeza Bi Tumsifu.

Basi tukamshushia ombi kwenye kikapu cha asali pamoja na kalamu. Akatia saini pale pale, kikapu kikapanda, nikakipeleka dirishani. Kalunde akaitazama saini, akafungua kabati, akasita.

"Bibi, maombi yanashughulikiwa kwa zamu. Kuna moja lililotangulia."

"La nani, mwanangu?" niliuliza, ingawa nilijua.

"La Mzee Mihambo."

Tulitazamana. Nje bendi ilikuwa imeanza tena kupiga, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

"Basi tulishushe hilo nalo," nikasema.

Nililishusha mimi. Nilitaka kuona. Mheshimiwa hata hakulisoma, alilitia saini juu ya goti, akalitupa kikapuni, akasema, "Haya, haya, vuta!" Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Nilisimama pale ukingoni nikiitazama ile karatasi ikinijia, ikizunguka zunguka kwenye upepo, nikafikiri: kumbe ni kitu kidogo namna hii. Kumbe mkono wake hauumwi.

Nikarudi kwa Kalunde. Akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mkono wa pole.

"Sasa kibali kimekamilika," alisema polepole. "Kinachukuliwa na mwenyewe aliyeombewa. Aje aweke dole gumba hapa. Akishachukua chake, tunafungua kinachofuata." Akatazama mlangoni, kisha akanitazama. "Hajafika."

"Tutamsubiri," nikasema. "Yeye alisubiri."

*

Siku za mwanzo Waziri alitukana. Wageni walipenda. Habari zilisambaa, na watu waliokuwa wakiruka nchi ya jirani wakarudi kwetu makundi kwa makundi, maana korongo liko kila mahali lakini waziri ukutani hayupo kwingine. Walikodi darubini. Walilala siku mbili, tatu, wamwone alfajiri na wamwone jioni. Walikula hotelini. Hakuna aliyekuja na mkate.

Bi Tumsifu akaitisha mkutano uwanjani. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu walinyamaza kuisikiliza. Alisema mwelekeo umegeuka. Matumizi ya mgeni mmoja yamepanda kuliko wakati wowote, na mchango wa Mheshimiwa kwa taifa hauna mfano. Akasema Wizara imelipokea kwa uchungu ombi la kumtoa, inaliheshimu, na itafuata zamu. Akasubiri. Kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akihutubia, hapakuwa na wa kupiga makofi. Nikampigia mimi.

Wakapigilia kibao ukingoni: WAZIRI WA ASILI. USIMLISHE.

Mvua zilipokuja aliomba turubai. Mkaguzi akaenda kuangalia, akarudi akasema maji yanayomdondokea ni sehemu ya mandhari. Suti ikachakaa. Nyuki wakamzoea, wakamchukulia kuwa jiwe. Wageni wengine walilia walipomwona amejikunyata usiku, na waliolia walinunua picha mbili.

Mimi nilimpelekea uji kila asubuhi. Uji wa ulezi, wenye sukari na ndimu. Nilikata tiketi kama watu wengine, nikalipa na faini ya kulisha, kisha nikamshushia kibuyu. Watu waliniambia, "Bibi Nyamizi, una moyo wa dhahabu." Sijui nina moyo wa nini. Sikuwa na haja ya kumnyima sukari. Nilitaka aishi. Nilitaka aishi vizuri, aone kila siku inavyoanza na inavyokwisha, aamke asikie watu wakisema "Aaa!", na akikohoa asikie mtu akiwaeleza wenzake kwamba kikohozi kile ni cha asili.

Maana alianza kukohoa.

Asubuhi moja ya ukungu wageni walichelewa, na tukawa wawili tu, mimi juu na yeye chini. Alikunywa uji wote. Hakutukana, hakuamuru.

"Mama," alisema.

Hakuwahi kuniita hivyo. "Naam, baba."

"Nikikuuliza kitu utanijibu?"

"Nikikijua."

"Ile kamba. Leo hii, bila kibali, bila ofisi. Ungeweza kunivuta?"

Nikaifikiria. Nilikuwa nimeishika wakati ule, nausikia uzito wake, naye alikuwa mwepesi siku hizi. "Ningeweza," nikasema. "Hata jana ningeweza. Mkataba wa itifaki ulisema mpaka vinywaji, na vinywaji havijagawiwa. Bado mimi ni mkeo. Hakuna askari ambaye angeweza kunishika."

Nilisikia anavuta pumzi, ile ya kutumia mabega. Naijua pumzi ile hata gizani.

"Alikuwa akiitwa nani," aliuliza, "yule mzee wako?"

Tazama mtu huyu. Alitia saini karatasi ya marehemu bila kulisoma jina.

"Mihambo," nikasema.

"Mihambo," akarudia, na korongo likalirudia baada yake, Mihambo, Mihambo, mpaka likapotea kwa upande wa mto. Karani wa mwangwi alikuwa bado hajafika kazini. Lile lilikuwa jina la kwanza kuitwa bure korongoni tangu sheria ile ianze, na nilisimama nikalisikiliza mpaka mwisho.

Kisha nikavuta kamba. Nilivuta kidogo, pima moja, nikasikia viatu vyake vikikwaruza mwamba, nikasikia karibu hata moyo wake kwenye kamba yenyewe. Alikuwa akisema, "Ahsante, mama, ahsante, ahsante." Nikaangalia kama nta bado inashika pale kamba inaposugua ukingo. Ilikuwa inashika. Nikamrudisha kwenye kibaraza taratibu, kama yai, nikaikaza kamba kwenye kisiki.

"Nilikuwa naikagua tu," nikamwambia. "Usiogope. Ni nzima. Itakushika miaka."

Nikavuta kibuyu changu, nikakikung'uta, nikajitanda kanga. Wageni wa kundi la kwanza walikuwa wanashuka kwenye basi wakichezea kamera, na mwongozaji alikuwa akiwaomba wapunguze sauti. Nilikuwa nimekwisha piga hatua kadhaa kwenye njia ya nyumbani sauti iliponifikia, ndogo, bila Waziri ndani yake.

"Mama! Kesho utakuja?"

Nikasimama.

"Si lazima uji," akasema. "Uje tu. Tafadhali, mama, uje tena."